Maharagwe yaliyopakwa bakteria yamegeuka manjano kiangazini: kosa ni la ukame, la bakteria au langu?

Mkulima wa Rongai (Nakuru)

Hamjambo wenzangu. Nina ekari moja ya maharagwe aina ya Rosecoco upande wa chini wa Rongai, mahali ambapo mawingu hupita juu yetu yakaenda kunyesha Subukia na Bahati, nasi tukabaki kuyatazama. Msimu huu niliamua kufanya jaribio langu mwenyewe. Nusu ya shamba nilipanda mbegu iliyopakwa ule unga mweusi wa bakteria wanaoishi katika mizizi ya maharagwe na kuyapatia nitrojeni kutoka hewani, na nusu ya pili nikapanda mbegu ya gunia lile lile bila kuipaka chochote. Mbolea niliyoweka ni TSP peke yake, ile ya fosforasi isiyo na nitrojeni, kipimo kimoja pande zote mbili, na palizi ilifanywa siku moja.

Nilipanda kabla ya mvua, kama tulivyozoea huku, ili mvua ya kwanza isipite bure. Mvua ikachelewa siku 9. Hata hivyo miche iliota vizuri, nami nikawa na matumaini makubwa mpaka mimea ilipoanza kutoa maua, kwa kuwa hapo ndipo mbingu zilipofunga. Tulikaa siku 22 bila tone.

Ukisimama sasa kwenye kijia kinachogawa shamba, ukatazama kushoto na kulia, huwezi kutambua ni upande gani uliopakwa. Majani ya chini yamekuwa manjano kote, maua mengi yameanguka, na maganda yaliyopo ni mafupi. Kinachonitatiza zaidi ni kwamba umanjano ulitangulia. Wiki ya kwanza ya kiangazi majani yalikuwa bado yamesimama, hata saa nane mchana hayakuwa yamelegea, lakini rangi ilikuwa tayari imeanza kufifia. Jirani yangu anacheka na kusema kwamba nilinunua makaa yaliyosagwa.

Kuna sehemu mbili tu zilizobaki kijani. Ya kwanza ni ukanda wa hatua tatu hivi juu ya tuta la fanya juu, yaani mtaro ambao udongo wake hurushwa upande wa juu wa mteremko, ambako maji ya mvua hutuama, na ukanda huo unapita pande zote mbili za jaribio. Ya pili ni kona moja ya upande uliopakwa, palipokuwa na zizi la ng'ombe la marehemu baba.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Je, ukame huanza kuudhuru mmea au huanza na bakteria? Je, nikiweka mbolea ya nitrojeni ya CAN sasa nitaokoa chochote? Na je, kuna faida yoyote ya kununua unga huu tena mtu akiwa anaishi mahali pakavu kama hapa?

---

Afisa Ugani, Njoro

Ndugu Mkulima, jaribio lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu shamba lenyewe limekupa majibu manne badala ya mawili: palipopakwa na pasipopakwa, penye unyevu na pasipo unyevu. Tatizo ni kwamba mpaka sasa umeyatazama majani tu, na majani ndiyo ya mwisho kupata habari. Inabidi uchimbe.

Kwanza nieleze kinachoendelea huko chini. Bakteria hawa, ambao wataalamu huwaita rizobiamu, huingia katika mzizi kupitia vinyweleo vyake, na mmea huwajengea vinundu vidogo vya mviringo. Kwa maharagwe vinundu huanza kuonekana wiki mbili au tatu baada ya kuota, na kazi yao hufikia kilele wakati wa maua na mwanzo wa maganda. Mmea huwapa sukari iliyotengenezwa na majani, nao huigeuza nitrojeni ya hewa, ambayo ni takriban asilimia 78 ya hewa yote tunayovuta, kuwa umbo ambalo mmea unaweza kulitumia. Kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni ili waishi. Kwa sababu hiyo kinundu kina protini inayofanana na ile ya damu yetu, ambayo hushika oksijeni na kuigawa kidogo kidogo. Ukipasua kinundu kinachofanya kazi utakuta ndani pana rangi ya waridi au nyekundu, kama nyama mbichi iliyooshwa. Cheupe bado hakijaanza kazi au kinakaliwa na bakteria wasiofaa. Cha kijani au kahawia kimechoka.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Udongo unapokauka, kazi ya vinundu hupungua kabla ya majani kunyauka, na kabla hata majani hayajapunguza sana utengenezaji wa chakula. Sababu ni kadhaa na huenda pamoja. Sukari inayoshuka kutoka kwenye majani haitumiki ipasavyo ndani ya kinundu, kwa kuwa vimeng'enya vya kuivunja hulegea. Ngozi ya kinundu hupunguza oksijeni inayopita, hivyo bakteria hukosa pumzi. Tena, maharagwe husafirisha nitrojeni kutoka mizizini ikiwa katika umbo la misombo inayoitwa ureidi, ambayo husukumwa juu pamoja na maji. Maji yakipungua mmea, misombo hiyo hurundikana, na mrundikano huo hutumika kama taarifa ya kuviambia vinundu visimamishe kazi. Ni kama kiwanda cha sukari ambacho malori yake yamekwama barabarani: hata miwa ikiwepo uani, mashine zitazimwa.

Kwa hiyo ulichokiona hakikuwa kiini macho. Mmea wako ulikosa nitrojeni ungali na maji ya kutosha kusimama, na kwa kuwa maua na maganda machanga hayangoji, ukaanza kuichota nitrojeni kutoka majani ya zamani. Ndiyo maana umanjano ulianzia chini. Ungekuwa ugonjwa wa kuoza mizizi au inzi wa maharagwe, ungeona mche mmoja mmoja ukinyauka na kufa katikati ya mistari, na shina likiwa limevimba au kupasuka karibu na udongo.

Lakini hayo yanaeleza kwa nini pande zote mbili zimeteseka. Hayaelezi kwa nini upande uliopakwa hauko bora kuliko wa pili, na hapo nina shaka na zile siku 9. Bakteria hawa hawatengenezi mbegu ngumu za kujihifadhia, tofauti na bakteria wa jenasi ya Bacillus ambao hujifunga ndani ya ganda na kusubiri miezi. Rizobiamu aliyepakwa juu ya mbegu, kisha mbegu ikalala ndani ya udongo mkavu uliopigwa na jua la Rongai, hukauka pamoja na tone la maji lililomshikisha. Mbegu ya haragwe yenyewe huweza kungoja. Mgeni aliye juu ya ngozi yake hawezi.

Kabla sijaendelea, naomba unijibu. Pakiti uliinunua ikiwa imewekwa wapi dukani, na ilikaa wapi mpaka siku ya kupanda? Mbegu ilikuwa imetiwa dawa ya ukungu, ile inayoacha rangi mikononi? Na ulianza kupanda upande gani?

Halafu chimba mimea mitano mitano katika kila sehemu, pamoja na ile kona ya zizi. Usiing'oe kwa mkono, kwa maana vinundu vya maharagwe vimeshikilia mzizi kwa wepesi na vingi vitabaki ardhini, nawe utadhani havikuwepo. Tumia jembe la meno, inua bonge zima, liloweshe katika ndoo, kisha uhesabu na kupasua kwa ukucha.

Kuhusu CAN, usiiweke juu ya udongo mkavu. Haitayeyuka, na mimea iliyokwisha kupitisha maua haina muda wa kuitumia. Fedha hiyo itunze.

---

Mama wa Nyando (Kisumu)

Ndugu yangu wa Rongai, pole kwa kiangazi. Mimi niko huku uwanda wa Kano kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na nyufa hizo hukata mizizi ya maharagwe kama kisu. Nimewahi kuchungulia ndani ya ufa nikaona vinundu vinaning'inia hewani, vimesinyaa kama zabibu kavu.

Nataka kuongeza jambo moja ambalo Afisa hakuligusa. Huku kwetu umanjano huja pia mvua ikizidi. Maji yakisimama shambani siku tatu, majani ya chini hugeuka vile vile, kwa kuwa vinundu hukosa hewa. Kwa hiyo mtu asione manjano akakimbilia kusema ni ukame, aangalie kwanza udongo wake.

Kuhusu kupanda kabla ya mvua, mimi niliacha kwa upande wa maharagwe yaliyopakwa. Mahindi nayatanguliza kwenye udongo mkavu kama kawaida, lakini maharagwe husubiri mpaka mvua mbili nzito zipite na udongo ukifinywa ushikane mkononi. Mbegu naipaka chini ya mwembe saa kumi na moja jioni, naianika kivulini kidogo tu isigandane, na kabla giza halijaingia iko ardhini na imefukiwa. Baada ya palizi ya kwanza natandaza majani makavu ya miwa kati ya mistari, ambayo kwetu hayana bei. Chini ya matandazo hayo ukifukua kiangazini utakuta udongo ungali baridi, na mizizi midogo imepanda juu karibu na uso kutafuta unyevu huo. Siku hizo huwa napita na kuinua majani ya miwa kwa fimbo, maana nyoka nao wanapenda baridi.

---

Mwalimu Mstaafu, Vihiga

Nimesoma maelezo ya Afisa kwa makini na nayakubali kwa sehemu kubwa, ila naona tunaharakisha kuuvisha ukame kosa zima. Huku Vihiga mvua hatulii, na bado maharagwe ya jirani zangu wengi ni manjano kila mwaka. Nilipokuwa nafundisha sayansi, tulikuwa tukichimba mimea ya shamba la shule pamoja na wanafunzi, na mara nyingi tungekuta vinundu viwili au vitatu tu kwenye mmea mzima, katika msimu ambao hakuna aliyelalamikia mvua.

Sababu ya kwetu ni asidi. Udongo ukiwa na pH iliyo chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuunguza ncha za mizizi, fosforasi hufungwa isipatikane, na molibdeni, madini yanayohitajika kwa kiasi kidogo sana lakini ambayo bila hayo kile kimeng'enya alichokitaja Afisa hakiwezi kujengwa, hupungua. Bakteria nao huzaana kwa shida katika udongo wa namna hiyo. Mkulima hununua pakiti, anapaka mbegu, halafu anaipanda pamoja na DAP, ambayo ina nitrojeni asilimia 18 na ambayo ikitumika miaka na miaka huzidi kuchachusha udongo ule ule. Halafu tunashangaa. Sisi tulioweka chokaa inayochimbwa Koru tumeona tofauti, ingawa haikuja msimu wa kwanza.

Mkulima asidhani kwamba namwambia akanunue chokaa. Udongo wa volkano wa upande wa Rongai huenda hauhitaji hata gunia moja, na kumwaga chokaa pasipohitajika ni kujiletea hasara nyingine. Ninachosema ni kwamba apime udongo kabla ya msimu ujao. Mzizi uliodumaa kwa alumini haushuki chini, na mzizi usioshuka ndio wa kwanza kuumia mvua ikikatika kwa wiki mbili. Ukame na asidi hupatana vizuri sana.

Kuna jambo jingine ambalo wakulima hawaambiwi wanapouziwa unga huu. Haragwe la kawaida si bingwa wa kutengeneza nitrojeni. Kwa wastani wa makadirio ya dunia, soya hupata takriban asilimia 68 ya nitrojeni yake kutoka hewani, ilhali maharagwe hupata asilimia 40 hivi, na mashambani kwetu mara nyingi huwa chini ya hapo. Tena haragwe halichagui mgeni. Soya hudai bakteria wa aina yake, kwa hiyo ukiipaka katika shamba ambalo halijawahi kupandwa soya utaona maajabu. Haragwe hufungulia mlango karibu kila rizobiamu anayebisha, wakiwemo wadoezi wa kienyeji wanaokaa ndani, wanakula sukari na hawaleti kitu. Bakteria wa pakiti lazima washindane na hao, na wenyeji wana faida ya kuwa wengi na kuzoea mahali.

Ndiyo sababu pia bakteria mmoja aliyepatikana Kolombia na kupewa namba CIAT 899 ameenea sana katika unga wa maharagwe. Ni wa spishi iliyopewa jina Rhizobium tropici mwaka 1991, na sifa yake ni kustahimili joto na asidi kuliko wenzake wengi. Kustahimili, lakini, si kutokufa.

Nikiendelea kidogo, maana swali la tatu la Mkulima ni zito. Wapo watafiti waliotafuta bakteria wa kumsaidia haragwe kiangazini moja kwa moja. Mwaka 2008 watafiti wa Mexico walieleza kwamba bakteria waliobadilishwa chembe za urithi ili watengeneze kwa wingi sukari iitwayo trehalosi, ambayo hulinda seli zisiharibike zikikauka, waliipa mimea ya maharagwe vinundu vingi zaidi na nguvu ya kuamka baada ya kukaushwa. Mwaka huo huo watafiti wa Brazil walionyesha kwamba kumchanganya Rhizobium tropici na bakteria mwingine, Paenibacillus polymyxa, kulipunguza madhara ya ukame kwa maharagwe. Bakteria wa kundi hili la pili hawaishi katika vinundu. Hukaa kando ya mzizi, wengine hutoa homoni zinazofanya mzizi utoe matawi mengi, na wengine hula malighafi ambayo mmea ungeitumia kutengeneza ethilini, ile gesi ya kuzeesha, ili mmea usizeeke kwa hofu kabla ya wakati. Ni kazi ya kupendeza. Lakini majaribio hayo yalifanyika katika vyungu, na chungu hakina jirani, hakina ng'ombe aliyevunja ua, wala hakina udongo uliojaa wenyeji.

---

Mkulima wa Rongai (Nakuru)

Nawashukuru wote. Nimechimba leo asubuhi pamoja na binti yangu wa darasa la saba, ambaye amenishinda katika kuhesabu.

Nianze na maswali ya Afisa. Pakiti niliikuta kwenye rafu ya dirishani, jua likiipiga, na baada ya kuinunua ilikaa siku mbili juu ya dashibodi ya pikapu ya shemeji yangu kabla sijaikumbuka. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa bado. Mbegu ilikuwa ya kwangu ya msimu uliopita, haikutiwa dawa yoyote. Nilianza kupanda upande uliopakwa, na baada ya hapo nikatumia debe lile lile na mikono ile ile, bila kunawa, kupanda upande wa pili.

Sehemu ya juu ya shamba, palipopakwa: mmea wenye vinundu vingi ulikuwa na 4, na miwili haikuwa na hata kimoja. Vilivyokuwepo vilikuwa vimesinyaa, na tulipovipasua viwili vilikuwa vya kijani na vingine vyeupe kama punje ya mchele. Hakuna hata kimoja chenye wekundu.

Sehemu ya juu, pasipopakwa: hali ni ile ile, labda vinundu kimoja au viwili zaidi. Binti yangu anasisitiza kwamba ni viwili.

Ukanda wa juu ya tuta, palipopakwa: vinundu kati ya 15 na 28 kwa kila mmea, vingi karibu na shina, na zaidi ya nusu vikiwa na rangi ya waridi. Vilivyokaa karibu na uso wa udongo vilikuwa vimeanza kuwa kahawia, lakini vile vilivyokuwa chini ya urefu wa kidole vilikuwa na afya.

Ukanda wa juu ya tuta, pasipopakwa: hapa ndipo niliposhangaa. Vinundu vilikuwa vingi zaidi, kati ya 30 na 40, ila vidogo na vimetawanyika mpaka kwenye mizizi ya pembeni. Tulipasua 20, saba tu ndivyo vilivyokuwa na wekundu.

Kona ya zizi: majani ya kijani iliyokolea, mimea inafika juu ya goti, mizizi minene yenye afya, na hakuna kinundu. Tumechimba mimea minane badala ya mitano kwa sababu sikuamini. Hakuna.

Je, kona hiyo inamaanisha kwamba samadi iliua bakteria?

---

Afisa Ugani, Njoro

Kwa hesabu hii binti yako anastahili soda.

Nianze na kona ya zizi, maana jibu lake ni rahisi. Samadi haikuua bakteria. Pale pana nitrojeni nyingi iliyoachwa na mifugo kwa miaka, na mmea unaoipata bure ardhini hauoni sababu ya kuwalipa bakteria sukari, kwa hiyo hufunga mlango. Kilichoikinga kona hiyo na kiangazi ni kwamba nitrojeni yake haikutegemea vinundu, na pia samadi iliyooza hushika maji kama sifongo. Ni jambo lile lile Mwalimu aliloligusa kuhusu DAP, isipokuwa kwamba zizi la baba lilifanya kazi nzuri zaidi.

Ukanda wa juu ya tuta ndio unaonifundisha mimi. Pasipopakwa una vinundu vingi, vidogo, vilivyotawanyika mizizi ya pembeni, na karibu theluthi mbili vikiwa havina wekundu: hao ndio wenyeji, na wengi wao ni wale wadoezi wa Mwalimu. Palipopakwa vinundu ni vichache, lakini viko karibu na shina na vingi vina wekundu. Vinundu vya karibu na shina kwa kawaida ni vya bakteria waliokuwa juu ya mbegu yenyewe, kwa sababu ndio waliokutana na mzizi ungali mchanga. Hivyo naamini kwamba baadhi ya bakteria wa pakiti yako walinusurika, licha ya dirisha, dashibodi na zile siku 9, lakini ni pale tu ambapo udongo ulikuwa na unyevu kidogo tangu siku ya kwanza. Jirani yako umwambie hayakuwa makaa.

Hata hivyo sitasema nina hakika kamili, kwa sababu ulianza na upande uliopakwa. Mikono na debe vilibeba bakteria mpaka upande wa pili, na inawezekana baadhi ya vile saba vyekundu vilipandwa na wewe mwenyewe bila kujua. Mara nyingine anza na mbegu isiyopakwa, umalize kabisa, ndipo ufungue pakiti.

Kwa sehemu ya juu ya shamba, sidhani kama unga wowote ungekusaidia. Pakavu kiasi kile, hata vinundu vya wenyeji waliozoea Rongai miaka yote vilizimika. Bakteria hawa hawampi haragwe maji. Wanachoweza ni kuukuta mmea wenye maji kiasi na kuufanya uingie kiangazini ukiwa na mizizi mirefu na akiba ya nitrojeni majanini, jambo ambalo huamua kama utajaza maganda manne au tisa. Kwa hiyo jibu la swali lako la tatu ni ndiyo, nunua tena, lakini kwa ile sehemu tu ambayo unaweza kuihifadhia maji, na usiinunue dirishani. Kipimo cha kawaida ni gramu 10 kwa kila kilo ya mbegu, na kwa ekari yako gharama hiyo haitafika bei ya nusu gunia la mbolea. Lililo ghali ni kuchimba tuta la pili.

Ningefikiria pia kubadilisha mbegu. Rosecoco ina bei nzuri sokoni Nakuru, lakini KAT B1, iliyotoka kituo cha utafiti cha Katumani kwa ajili ya maeneo makavu, hukomaa kwa siku 60 hadi 65, na hiyo huweza kumaliza maua kabla ya kiangazi cha katikati ya msimu kuuma.

---

Mama wa Nyando (Kisumu)

Afisa, na ile kona ya zizi apande nini? Mimi ningeipa sukuma wiki au mahindi. Kupanda maharagwe mahali palipo na nitrojeni ya bure ni kumpa chakula aliyekwisha shiba.

---

Mkulima wa Rongai (Nakuru)

Mama, umesema kweli, na mke wangu alikuwa amekwisha kuidai kona hiyo kwa ajili ya sukuma hata kabla sijafungua mjadala huu.

Nimepima mteremko kwa kamba na chupa ya maji leo alasiri. Tuta la pili litapita hatua 14 juu ya la kwanza, na udongo nitaurusha upande wa juu kama kawaida. Nitaanza kuchimba Jumamosi, shemeji akileta ile pikapu pamoja na vijana wawili. Maharagwe yaliyobaki nitayavuna yatakavyokuja; mizizi ya ule ukanda wa tuta nitaiacha ardhini, nikate mashina tu, ili hao wachache wenye wekundu wabaki humo. Udongo wa sehemu ya juu nimeutia katika mifuko miwili kwa ajili ya kupimwa, kama Mwalimu alivyoshauri, na matokeo yakitoka nitayaleta hapa hapa.